Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Makongamano ya Mantiki, Isimu na Akili Mnemba

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka kuhusu shughuli tuliyoipa uzito kuliko nyingine zote, yaani kongamano letu la mwaka pamoja na ushiriki wetu katika makongamano ya wenzetu. Masuala ya utawala nitayagusa kwa ufupi tu, kwa kuwa katibu na mweka hazina wana taarifa zao. Kuna swali moja ambalo Kamati Tendaji imelijadili karibu kila ilipokutana: tufanye nini ili wanamantiki, wanaisimu na wataalamu wa akili mnemba waendelee kusikilizana katika ukumbi mmoja, wakati ambapo kila fani ina makongamano yake na mojawapo imekua kwa kasi inayoelekea kuzimeza nyingine mbili?

Fani hizi zilikaribiana tangu mapema. Pendekezo la warsha ya Chuo cha Dartmouth, Marekani, lililoandikwa mwaka 1955 na John McCarthy, Marvin Minsky, Nathaniel Rochester na Claude Shannon, ndilo lililoipa akili mnemba jina lake, na miongoni mwa malengo yake lilitaja kuziwezesha mashine kutumia lugha. Warsha yenyewe ilipofanyika mwaka uliofuata, Allen Newell na Herbert Simon walikuja na programu iliyojenga ithibati (hoja zinazothibitisha kauli hatua kwa hatua) za mantiki ya kihisabati. Baadaye kila kundi lilishika njia yake: chama cha kimataifa cha isimu kompyuta, yaani uchunguzi wa lugha kwa kompyuta, kiliundwa mwaka 1962, kongamano la fani hiyo liitwalo COLING likaanza mwaka 1965, na lile la IJCAI la akili mnemba mwaka 1969. Mwaka 1970, mwanamantiki Richard Montague aliwasilisha katika warsha iliyofanyika Stanford makala iliyoonyesha kwamba maana za sentensi za lugha ya kawaida zinaweza kuelezwa kwa usahihi uleule tunaoudai katika lugha za mantiki, na kutoka hapo wanaisimu na wanamantiki wakapata tena jambo la kuzungumza.

Mikutano iliyolinda mazungumzo hayo ni midogo ukiilinganisha na ile ya akili mnemba. Shule ya kiangazi ya Ulaya ya mantiki na lugha, ESSLLI, ambayo kwa kawaida huchukua wiki mbili, ilianzia Groningen mwaka 1989. Mkutano wa WoLLIC ulianza Brazili mwaka 1994, na ule wa Tbilisi ulianza Georgia mwaka 1995. Ninaamini kwa dhati kwamba udogo huo una thamani yake. Katika kongamano lenye maelfu ya makala, mtafiti husimama kando ya bango lake kwa muda mfupi, akajibu maswali ya wapita njia, kisha nafasi ikachukuliwa na mwingine. Katika mkutano wetu swali lililoulizwa asubuhi bado hujadiliwa jioni, na aliyeuliza na aliyeulizwa mara nyingi hutoka katika fani mbili tofauti.

Mwaka huu jambo hilo lilionekana wazi zaidi katika kikao cha ukisiaji, yaani namna ya kupata hitimisho kutokana na sentensi zilizotangulia. Wenzetu wa isimu walirejea kwenye mkusanyiko wa FraCaS wa miaka ya 1990, wenye maswali 346 yaliyotungwa kwa uangalifu ili kupima kama mfumo unaelewa maneno ya idadi, wingi, ulinganishi na wakati. Kwa viwango vya leo huo ni mkusanyiko mdogo mno, lakini kila swali lina sababu ya kuwapo, jambo ambalo halipatikani katika mikusanyiko mingi mikubwa iliyofuata. Mjadala ulijikita katika sentensi kama “Wanafunzi wote hawakufaulu.” Je, hakuna aliyefaulu, au si wote waliofaulu? Modeli ya lugha, yaani mfumo wa kompyuta uliofunzwa kwa maandishi mengi, ikichagua maana moja, tunaweza kuhesabu kwamba imepata au imekosa. Lakini mwanaisimu anataka kujua kama iliiona maana ya pili, na mwanamantiki anataka kujua kama hitimisho linalofuata linalingana na maana iliyochaguliwa. Alama moja ya asilimia haijibu lolote kati ya hayo.

Kikao cha ithibati za kompyuta kilitufikisha pahali palepale kwa njia nyingine. Wengi wenu mnakumbuka kwamba mwaka 2024 mifumo ya akili mnemba ya AlphaProof na AlphaGeometry 2 ilitatua maswali manne kati ya sita ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, ikapata alama 28 kati ya 42, kiwango cha medali ya fedha. AlphaProof iliandika ithibati zake katika lugha rasmi ya Lean, ambamo kompyuta hukagua kila hatua. Hata hivyo, maswali yenyewe yalitafsiriwa kwanza na binadamu kutoka lugha ya kawaida kwenda lugha hiyo rasmi. Hatua hiyo, ambayo taarifa nyingi za habari ziliipita haraka, ndiyo kazi ambayo wanasemantiki, yaani wachunguzi wa maana, wamekuwa wakiishughulikia tangu Montague. Ithibati inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikawa imejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Kwa sababu hiyo Kamati Tendaji imeazimia kwamba tafsiri hiyo iwe mada kuu ya kongamano lijalo.

Kuhusu upitiaji wa makala, tumefanya mabadiliko ambayo ninaomba muyaunge mkono. Mwaka 2014 waandaaji wa kongamano kubwa la akili mnemba ambalo leo linaitwa NeurIPS walichukua takriban asilimia 10 ya makala zilizowasilishwa na kuzipeleka kwa kamati mbili zilizofanya kazi kila moja peke yake. Kamati hizo zilitofautiana kuhusu takriban robo ya makala, na kwa kuwa makala nyingi hukataliwa, zaidi ya nusu ya zilizokubaliwa na kamati moja zilikataliwa na nyingine. Sisi tunasoma makala za fani tatu, hivyo hatari hiyo kwetu ni kubwa zaidi. Kuanzia sasa kila makala itasomwa na angalau mpitiaji mmoja kutoka nje ya fani ya mwandishi, naye atatakiwa kueleza kwa maneno yake mwenyewe dai kuu la makala kabla ya kulihukumu.

Nasisitiza “kwa maneno yake mwenyewe.” Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulikadiria kwamba kati ya asilimia 6.5 na 16.9 ya matini ya mapitio katika makongamano kadhaa makubwa ya akili mnemba huenda iliandikwa au kubadilishwa kwa kiasi kikubwa na modeli za lugha. Chama hakimzuii mpitiaji kusahihisha tahajia kwa programu, lakini hakitaruhusu makala ya siri ya mtu mwingine ipakiwe katika mfumo wa nje, wala hukumu itolewe na asiyeisoma.

Suala la viza linaendelea kutuumiza. Hata kuleta kongamano kubwa Afrika si rahisi: lile la akili mnemba liitwalo ICLR lilikusudiwa kufanyika Addis Ababa mwaka 2020, likahamia mtandaoni kwa sababu ya janga la korona, na hatimaye likafika Kigali mwaka 2023. Mtafiti aliyekubaliwa makala lakini akanyimwa viza hapaswi kupoteza nafasi yake ya kuulizwa maswali. Kwa hiyo wasilisho la mtandaoni litapewa muda uleule na mwenyekiti wa kikao yuleyule. Makala za kongamano zitabaki wazi kwa kila msomaji bila malipo, kama inavyofanya ACL Anthology, hazina ya mtandaoni ya makala za isimu kompyuta.

Hesabu za chama zimekaguliwa na zimeambatishwa kwenye taarifa ya mweka hazina. Muda wa nusu ya wajumbe wa Kamati Tendaji unamalizika katika mkutano huu, na katibu anapokea mapendekezo ya majina. Wanachama walio tayari kupitia makala nje ya fani zao wanaombwa wajiandikishe kwake kabla ya wito wa makala kutolewa. Kwa sasa wapitiaji wa upande wa mantiki ni wachache mno.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti