Jumamosi ni zamu ya Latakia

Wakuu habari zenu, Jumamosi saa kumi jioni palepale Gangilonga, Iringa, tunavuta kiko, safari hii michanganyiko ya mtindo wa Kiingereza tupu yaani tumbaku za Virginia, Oriental na Latakia, mambo ya vanila hamna. Latakia asili yake Syria, ni jani linalokaushwa kwa moshi wa kuni ndo maana ukifungua kopo linanukia kama nyama ya kubanika, wageni msishtuke lipeni muda, mimi naipenda sana hiyo. Virginia watu wa Iringa tunaijua toka mabanini kunakokaushwa tumbaku, utamu wake utausikia nyuma ya moshi. Vuteni taratibu, moshi uishie mdomoni usimezwe, kiko kikipata moto sana ulimi unaungua na ladha inapotea, kikizima washa tena. Kiko cha tumbaku ya vanila kiacheni nyumbani jamani, harufu inang'ang'ania.