Malalamiko: Tulilipia Escondido, Tukashushwa Balboa Park

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi,

KUH: SAFARI YA JUMAMOSI, 14 JUNI 2025

Nilinunua kwenu tiketi nne za safari ya siku moja kutoka Los Angeles, dola 145 kila moja. Risiti niliyoambatanisha inasema wazi: Safari Park, Escondido, yaani ile mbuga ya wanyama iliyo nje ya mji wa San Diego. Saa nne na nusu asubuhi dereva wenu akatushusha Balboa Park, kwenye bustani ya wanyama ya mjini San Diego. Nilipomuuliza, akasema ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Shirika ni moja, ndiyo, lakini hadi Escondido ni kama kilomita 50, na tiketi ya huku haikuingizi kule. Ya mjini ina kama hekta 40, tena ni mabonde na vilima vya kukwea. Kule ni zaidi ya hekta 700. Wanyama wako uwandani na mgeni anazungushwa kwa gari la wazi. Mama yangu ana miaka 71 na goti linamsumbua. Kule ndiko kulikomfaa.

Tena mama ni mtu wa Nanyuki. Amewaona Najin na Fatu pale kwenye hifadhi ya Ol Pejeta, vifaru weupe wa kaskazini wawili tu waliosalia duniani, na alijua kwamba Nola, wa jamii yao, alifia Escondido mwaka 2015. Alitaka kuona alikoishi Nola, na wale majike wa kusini waliopelekwa huko ili siku moja wabebe mimba za hao wa kaskazini. Nilipomweleza mtembeza wageni wenu, alicheka: "Mama, umetoka Kenya uje kutafuta kifaru Marekani?" Mama hakumjibu. Aliikunja ramani mara nne, akaitia mkobani, akakaa kwenye benchi mpaka saa tisa.

Watoto walifurahia panda, sikatai, na bustani yenyewe sina neno nayo. Neno langu ni nanyi. Tangu Jumatatu nimewapigia simu mara tatu, na kila mara naambiwa nitapigiwa.

Mama anarudi nyumbani tarehe 28. Kabla ya siku hiyo ama mtupeleke Escondido bila kutudai senti, ama mnirudishie dola zangu 580. Mkichagua kutupeleka, tafadhali mtutafutie mtembeza wageni mwingine.

Wenu,
Mteja (jina na nambari ya simu vimo kwenye risiti)