Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Tusikilizwe kabla ushuru wa chuma haujafika Arusha

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu za heshima kutoka Mombasa. Mimi ni fundi wa chuma na karakana yangu iko Magongo, Changamwe. Natengeneza mageti, grili za madirisha, ngazi za nje, na mikokoteni ya hamali wanaovuta mizigo Kongowea. Nakuandikia juu ya ushuru wa forodha wa chuma kinachotoka nje, na zaidi juu ya namna ushuru huo unavyopangwa huko Arusha, makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, bila sisi tunaokikata na kukiunga kuulizwa neno.

Msimu wa bajeti ukikaribia, wenye viwanda hupeleka mapendekezo yao serikalini, na aghalabu hayakosi ombi la kukinga chuma kinachotengenezwa nchini kwa kupandisha ushuru wa kile kinachoagizwa. Sina ugomvi nao. Kiwanda kikifanya kazi Mariakani au Miritini, kuna vijana wa Pwani wanaopata riziki humo, na mimi mwenyewe nanunua bidhaa zao wiki baada ya wiki. Iwapo kuna nchi inatumwagia chuma chini ya gharama ya kukitengeneza, serikali ina haki ya kujikinga, tena ina wajibu. Langu ni kwamba ombi la mwenye kiwanda husikika, na jawabu la fundi halitafutwi.

Nieleze kwanza ushuru unavyofika kwangu, kwa sababu hesabu ninayoisikia redioni ni fupi kuliko ile ninayoilipa. Chukua mzigo wa mabomba ya mraba uliofika bandari ya Kilindini ukiwa na thamani ya shilingi 100,000, nauli ya meli na bima zikiwa ndani. Kwa ushuru wa asilimia 25, forodha inachukua 25,000. Kisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya 125,000, nayo ni 20,000. Sasa upandishe ushuru hadi asilimia 35. Forodha inachukua 35,000, na VAT, kwa kuwa inapanda mgongoni mwa ushuru, inakuwa 21,600. Nyongeza si 10,000 iliyotangazwa bali 11,600, na hapo hatujataja ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli, wakala wa forodha, lori, wala faida ya mwenye hadiwea (duka la vifaa vya ujenzi) ambaye huihesabu kwa asilimia juu ya gharama yake yote. Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT hudai yake irudi. Fundi ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka halazimiki kusajiliwa, na wengi wetu hatujasajiliwa. VAT hiyo basi inakwama kwetu, au tunamsukumia mteja.

Na mteja wetu ni nani? Ni mwalimu anayejenga vyumba viwili Mikindani kidogo kidogo, mama wa Likoni anayetaka mlango wa duka, msikiti unaotaka grili. Akisikia bei imepanda, haongezi pesa kwa sababu hana. Anauliza kama kuna chuma cha bei nafuu zaidi, na kipo: chuma chembamba.

Hapa naomba unipe nafasi, Mheshimiwa, kwa kuwa jambo hili huenda halionekani kwenye karatasi zinazoletwa mezani kwako. Bomba la geji 16 lina unene wa milimita 1.6 hivi. La geji 18 ni kama 1.2, na la geji 20 halifiki milimita moja. Hapa kwetu upepo unatoka baharini na chumvi yake. Bomba la geji 16 ukilisugua vizuri, ukalipaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha rangi ya juu, linastahimili. La geji 20 hata kulichomelea ni mtihani: ukikawia na rodi kidogo tu linatoboka, nawe unalazimika kuziba tundu kwa kudondoshea chuma cha rodi juu yake. Palipotobolewa na kuzibwa ndipo kutu inapoanzia, na huanzia ndani ya bomba, ambako brashi haifiki. Kwa nje rangi inang'aa bado, na ndani chuma kinaliwa. Ukiligonga kwa nyundo ndipo unasikia sauti yake imekuwa ya mkebe. Bomba hilohilo ndilo linalofanya reli za ngazi na vibaraza vya ghorofa, mahali watoto wanapoegemea wakiangalia barabarani. Ushuru ukipanda, geji inapungua. Nimeliona hilo likitokea kila bei ilipopanda, hata mwanzoni mwa 2024 wakati dola ilipofika karibu shilingi 160. Tofauti ni kwamba dola ilishuka baadaye. Ushuru ukishapanda, mara nyingi hubaki.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ushuru huu unalinda viwanda vya Kenya, naomba umuulize: kipi ni kiwanda? Tangu ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, mpango wake ulikuwa mwepesi kueleweka: malighafi asilimia 0, bidhaa iliyofika nusu ya safari asilimia 10, bidhaa iliyokamilika asilimia 25. Tarehe 1 Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35, na bidhaa za chuma ni miongoni mwa zilizowekwa humo. Kwa mwenye mashine ya kuviringisha chuma, bomba la mraba ni bidhaa iliyokamilika, na kwake ni sawa kuliwekea ukuta. Kwangu mimi bomba hilo ndilo malighafi. Kazi yangu inaanzia pale yake inapoishia. Mafundi wa Jua Kali, yaani wa karakana ndogondogo, kuanzia wachomeleaji wa mageti hadi waunda makarai na mikokoteni, tunazalisha bidhaa na tunaajiri watu, ila ngazi za ushuru zimepangwa kana kwamba baada ya kiwanda kikubwa hakuna mtu mwingine anayetengeneza kitu, kuna mnunuzi tu.

Najua upo utaratibu wa kupunguziwa ushuru wa malighafi. Kampuni inaomba, inakaguliwa, na jina lake linachapishwa katika gazeti rasmi la Jumuiya pamoja na kiasi ilichoruhusiwa kuagiza. Ni utaratibu mzuri kwa anayeagiza kontena zima. Fundi anayenunua mabomba kumi hadiwea na kuyapakia kwenye tuktuk hana pa kuingilia.

Sasa niseme kiini cha barua hii. Wananchi wengi, na nadhani hata baadhi ya viongozi wetu, wanaamini kwamba kodi zote hupitia Mswada wa Fedha, hivyo tukipewa siku ya kutoa maoni kwa wabunge mambo yamekwisha. Sivyo. Tozo ya asilimia 17.5 iliyowekewa vipande vya chuma vinavyopashwa moto na kuviringishwa kuwa nondo iliwekwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Ilikuwa ndani ya mswada, ikasomwa, ikabishaniwa. Ushuru wa forodha una njia yake nyingine. Unakubaliwa na mawaziri wa nchi za Jumuiya, unachapishwa katika gazeti la Jumuiya huko Arusha kufikia mwisho wa Juni, na kuanza kutozwa tarehe 1 Julai. Kenya ikitaka kutoza kiwango chake tofauti na cha wenzake, huomba ruhusa ya mwaka mmoja, na mwaka ukiisha huomba tena. Yaani kila mwaka uamuzi huu hufunguliwa upya, na kila mwaka sisi husikia umeshafungwa. Kamati ya Bunge ikija Mombasa mwezi Mei au Juni kusikiliza maoni ya Mswada wa Fedha, fundi akisimama kusema juu ya ushuru wa mabomba, anaongea kwenye kikao kisicho na uwezo wa kuubadilisha. Ni kama kuitwa kwenye posa mahari yakiwa yameshapokelewa.

Mwaka mmoja nilikwenda ofisi moja ya serikali hapa mjini kuuliza ni wapi naweza kuona mapendekezo ya ushuru wa chuma kabla hayajapitishwa. Nilipokewa kwa adabu, sina lawama. Nikaambiwa maoni hutumwa Nairobi kwa barua pepe. Nilipouliza maoni juu ya nini, kwa vile mapendekezo yenyewe sijayaona, hakukuwa na mtu wa kunijibu.

Katiba yetu haikuliacha jambo hili hewani. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 201 kinautaka mahsusi katika mambo ya fedha za umma. Mahakama ya Juu mwaka 2019, katika kesi ya kanuni za tumbaku, ilisema ushirikishwaji huo uwe wa kweli, usiwe wa kujipamba. Na Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ukifungua jedwali la ushuru utakuta namba za tarakimu nane na maelezo ya Kiingereza cha kitaalamu. Nimejifunza kulisoma: mabomba yangu yako chini ya 7306, anglaini (vyuma vya pembe) 7216, mabati ya kuezekea yaliyopakwa zinki 7210. Mafundi wenzangu hawana sababu ya kulijua hilo, na haifai iwe sharti la kusikilizwa.

Tunakumbuka pia Januari 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya kuharibiwa kwa nguzo za umeme na nchi kuingia gizani. Nia ilikuwa kulinda mali ya umma, na hakuna fundi mwaminifu aliyeipinga. Lakini amri ilitoka mara moja, na waunda seredani (majiko ya makaa) wanaotegemea vyuma hivyo wakabaki mikono mitupu hadi marufuku ilipoondolewa mwaka huohuo. Wangeulizwa mapema wangeweza kusema ni vyuma gani wanavyonunua, vinatoka wapi, na vya wizi vinajulikanaje. Wanayajua hayo kuliko afisa yeyote.

Ninachokuomba kiko ndani ya uwezo wa ofisi yako, wala hakihitaji sheria mpya. Kabla Kenya haijapeleka maombi yake Arusha, chapisha orodha ya bidhaa zinazokusudiwa kubadilishiwa ushuru: kiwango cha sasa, kiwango kinachopendekezwa, na nani aliyeomba. Iandikwe kwa Kiswahili, kwa majina ya bidhaa tunayoyatumia dukani. Ukurasa mmoja au miwili wa chuma unatosha, ubandikwe kwenye ofisi za kata na vituo vya Huduma. Kisha uitishwe mkutano hapa Mombasa. Ukumbi wa Tononoka unajulikana na kila mtu, na uwe siku ya Jumapili, maana siku za kazi fundi akifunga karakana vijana wake hawali.

Katika mkutano huo waje na wenye viwanda. Nataka kuwasikia wakieleza wanahitaji kinga ya miaka mingapi, na wataifanyia nini. Kama wanaweza kutengeneza mabomba ya geji 16 ya kutosha soko lote, kwa unene ulioandikwa kwenye bomba na si pungufu, waseme mbele yetu, nasi tutakuwa wa kwanza kununua. Anayepewa kinga na serikali atoe ahadi inayoweza kupimwa, ya bei na ya ubora, na mwaka ukiisha kabla ya ruhusa kuombwa upya, ahadi hiyo ipimwe hadharani. Kwa sasa kinga inatolewa na hakuna anayetuambia imezaa nini.

Baada ya mkutano tujibiwe kwa maandishi. Maoni yetu yakikataliwa, tuambiwe sababu. Tumezoea kukataliwa na wateja na hatununi. Ila mteja hutuambia kwa nini.

Ukiona kwamba ushuru wa chuma ni lazima upande, basi uzito wake utenganishwe. Mabati na nondo ambazo viwanda vya hapa vinatengeneza kwa wingi vinaweza kubeba zaidi. Bidhaa ambazo hazitengenezwi nchini kwa kiwango cha kutosha, au zinatengenezwa kwa geji nyembamba pekee, zibaki kwenye ngazi ya chini hadi viwanda vitakapofikia uwezo huo. Orodha ya bidhaa hizo tunaweza kukusaidia kuiandaa, kwa sababu sisi ndio tunaozunguka hadiwea moja hadi nyingine tukizitafuta.

Tupe notisi ya wiki mbili tu kabla ya mkutano. Tutakuja na risiti zetu za miaka iliyopita, na vipande vya mabomba tuliyoyang'oa kwenye mageti yaliyooza, uvishike kwa mkono wako.

Kwa heshima,

Fundi wa chuma,
Magongo, Mombasa