Barua kwa Mama Neema: tenda, NeST na zile benki

Moshi, Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Neema,

Salaam nyingi kutoka huku Pasua. Sisi wazima. Mama goti linamsumbua kama kawaida baridi ikishuka, lakini kanisani anakwenda kwa miguu na hataki kushikwa mkono. Baba Neema hajambo? Ujumbe wako wa sauti niliupata, ule mrefu, nikausikiliza huku naosha vyombo. Nimeona nikuandikie, maana kwa sauti ungesikiliza nusu ukaacha, na haya mambo yanataka kurudiwa.

Umeuliza: karakana yenu ya samani hapo Arusha imeshasajiliwa NeST, ule mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, mbona mradi wa pesa za mkopo una masharti yake ya ziada, na benki za nje zinahusika vipi na mfumo wa serikali yetu? Baba Neema anasema ni ujanja wa wazungu kutuingilia. Mwambie asubiri, ana haki kidogo, nitafika huko.

Wewe umeingia kwenye tenda wakati kila kitu kiko kwenye simu. Hukuyaona yetu. Nakala halisi moja na kopi zake, kila ukurasa unatiwa saini, unazipeleka steshenari zifungwe, bahasha ya kaki ndani ya bahasha ya kaki, lakiri nyekundu inadondoka kwenye meza ya watu, halafu juu unaandika "Isifunguliwe kabla ya saa nne kamili asubuhi". Tenda ikiwa ya Arusha unadamkia basi la alfajiri, na trafiki akisimamisha gari pale Kikatiti moyo unakwenda mbio, kwa sababu saa nne na dakika tano mlango umefungwa na hakuna wa kumlilia. Halmashauri moja, siitaji, ilikuwa na sanduku la bati lenye mdomo mwembamba. Kabrasha likiwa nene halipiti. Ukilileta jana yake unaambiwa uliache mezani kwa katibu muhtasi. Mezani, Mama Neema! Linalala hapo, kesho yake zabuni zinafunguliwa, na mshindi amekupita kwa laki moja tu. Utathibitisha nini?

Sasa hao wenye pesa, yaani Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika iliyoko Abidjan na wenzao, walikuwa wanakutana na sanduku hilohilo kila nchi. Korea Kusini ilipohamishia ununuzi wake wa serikali kwenye mtandao mwaka 2002, watu wakaona kumbe inawezekana. Benki ya Dunia ikakaa na Benki ya Maendeleo ya Asia na ile ya nchi za Amerika, na kufikia 2004 walishatoa miongozo ya pamoja ya kuzisaidia serikali kupanga safari hiyo: sheria irekebishwe vipi, maafisa ugavi wafundishwe nini, mfumo uanze na kipi. Mwaka uliofuata, kwenye Azimio la Paris, nchi na mashirika ya misaada wakakubaliana kwamba pesa zao zipite kwenye mifumo ya nchi husika kila inapowezekana, badala ya kila mfadhili kuja na taratibu zake.

Kwa nini wakae pamoja? Angalia hapo hapo Arusha. Barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru na ule mradi mkubwa wa maji wa jiji vimepata mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika. Barabara kadhaa za mitaani ni mkopo wa Benki ya Dunia. Madawati ya shule ni mapato ya ndani. Kama kila mmoja angeleta mfumo wake wa kununulia, ingekuwa kama kusomesha watoto watatu shule tatu, kila moja na sare yake, na anayelipa ni wewe. Afisa ugavi angeshinda anabadilisha paswedi, na sisi wazabuni wadogo tungejisajili mara tatu na kuambatanisha leseni ileile mara tatu.

Kwa hiyo walichokubaliana ni masharti ambayo mfumo wowote wa nchi lazima uyatimize ndipo pesa yao ipite humo. Bei za wazabuni zifungwe kwa namna ambayo hata mwenye mfumo hawezi kuzichungulia kabla ya saa ya kufungua. Saa ya mfumo iandike nani aliwasilisha lini, na kila aliyegusa kitu aache alama. Tangazo lionekane na wote bila kulipia. Mzabuni wa nje asizuiwe kuingia kwa sababu tu hana namba ya mlipakodi ya hapa. Benki wanakagua kwanza, ndipo wanaruhusu, na wanaweza kuruhusu kwa tenda za aina fulani tu.

Ndiyo maana nasema Baba Neema kakosea nusu. Hao watu hawasemi mfumo uwe wa nani, wanasema ufanye nini. TANePS, mfumo wa mtandaoni tuliouanza nao kabla ya NeST, ilitengenezwa na kampuni ya nje. NeST imejengwa na vijana wetu wa PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, na wa Mamlaka ya Serikali Mtandao, ikaanza Julai 2023, na kufikia Oktoba mwaka huo taasisi za umma zikatakiwa kununulia humo. Siipambi. Siku ya mwisho ya tenda bado inaweza kukugomea na bando likaishia hapo. Lakini sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba kabrasha lake lililala mezani. Majirani zetu Wakenya, ng'ambo ya Taveta, serikali ilipoufanya mfumo wao kuwa wa lazima mwaka 2025, mambo yakafika mahakamani. Sisi tulinung'unika tukajisajili.

Nusu aliyopatia ndiyo inayoniuma hata mimi. Sheria yetu ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi chenu kinaingia humo vizuri kabisa. Ila pesa ikiwa ya mkopo, mkataba wa mkopo ndio unaotangulia, na sheria ya ununuzi ya 2011 ilishalisema hilo waziwazi. Tenda ya kimataifa ya Benki ya Dunia inaruhusu bidhaa za ndani zipewe nafuu ya asilimia 15 wakati wa kulinganisha bei, na kazi za ujenzi asilimia 7.5, basi. Hakuna fungu la akina mama. Hizo benki zimekaa miaka zaidi ya ishirini zikipatanisha mifumo, zikapatana kuhusu usiri wa bei na haki ya mgeni, lakini fundi wa mtaa wa Unga Limited hapo Arusha mwenye randa mbili na vijana wanne bado anaambiwa atafute kazi chini ya mkandarasi mkuu. Na mkandarasi mkuu akichelewesha malipo, mfumo wenyewe haumfuatilii. Hapo naona wameupatanisha mlango, na meza wameiacha kwa wakubwa.

Jambo jingine, na hili lisome taratibu. Ulisema kuna kijana kakuahidi barua za uzoefu, kwamba mmewahi kutengeneza samani za hoteli fulani. Usithubutu. Tarehe 9 Aprili 2010 benki tano, ya Dunia, ya Afrika, ya Asia, ya Ulaya ile ya London na ya nchi za Amerika, zilitia saini makubaliano ya kufungiana wadanganyifu. Ukifungiwa na moja kwa zaidi ya mwaka mmoja, hizo nyingine nne nazo kwa kawaida zinakufungia, na jina linabandikwa mtandaoni dunia nzima isome. Wengi wanaofungiwa na Benki ya Dunia siyo wahonga mamilioni. Ni udanganyifu wa karatasi: barua ya uzoefu ya kughushi, dhamana ya benki isiyokuwepo. Na kosa likitokea ukiwa chini ya mkandarasi mwingine, linakufuata vilevile. Huyo kijana mwambie aende zake. Bora muandike kazi mlizofanya kweli, hata kama ni milango ya zahanati na meza za shule ya jirani, mkaambatanisha mikataba na hati za kupokelewa.

Kuhusu hiyo tenda yenyewe: soma tangazo, usimsikilize mtu. Angalia pesa inatoka wapi, angalia zabuni inawasilishwa NeST au kwingine, angalia ni ya kitaifa au ya kimataifa. Ikiwa ya kitaifa na iko NeST, hamna cha kuogopa, wasifu wenu ni uleule. Ikiwa ya kimataifa, achaneni nayo kwa sasa, mtafute mkandarasi atakayeshinda mapema mzungumze naye kuhusu fremu za madirisha, na malipo yaandikwe, yasiwe ya mdomo. Wakati huohuo fungua ukurasa wa makundi maalumu, usajili wa kikundi ukamilike, maana naona mmeachia njiani pale kwenye akaunti ya benki.

Nitumie picha ya ule ukurasa unaokukwamisha, ukurasa mzima pamoja na yale maandishi mekundu ya juu kabisa, siyo kipande. Nitakuwa Arusha wiki ijayo kwa ajili ya arusi ya binamu yangu, nitapita karakana asubuhi kabla vijana hawajawasha mashine, maana nyie mashine zikiwaka hakuna anayesikia. Ndizi za mama ninazo, mkungu mmoja wa mshale, mwambie Neema aniletee toroli stendi.

Shoga yako,
Mama Joy