Kuacha vitoweo vya wanyama tuanzie kwenye chungu chetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu watu wanaoacha kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama, yaani nyama, samaki, mayai, maziwa na hata asali. Mwenendo huu, uliopewa jina lake huko Uingereza mwaka 1944, hapa Tanga hutangazwa kwa maziwa ya lozi na vyakula vya makopo, ndiyo maana wengi huuona ni anasa ya wenye fedha. Mimi nimeufuata hatua kwa hatua kwa mwaka mmoja na nusu, na nimeona kwamba anayetaka kubadilika aanzie kwenye chungu chake mwenyewe, tena bila haraka.

Nilianza na chakula cha asubuhi, ambacho hakikunipa kazi, kwani mbaazi za nazi, vitumbua na muhogo wa tui havikuwahi kuhitaji mnyama tangu enzi za bibi zetu. Baadaye chai ya maziwa ikawa chai ya rangi yenye iliki na mdalasini, kisha nikaaga nyama ya ng'ombe. Kilichonishinda kwa miezi mingi ni samaki. Mtu aliyekulia pwani, akizoea harufu ya papa mkavu na samaki wa kupaka, haambiwi aache leo na kesho asitamani. Kwa hiyo nilipunguza hadi mara mbili kwa juma, kisha Ijumaa pekee, kisha nikaacha, nikihakikisha kila mara kwamba kunde, choroko au maharage yameshika nafasi iliyobaki wazi sahanini. Kunde zikimaliziwa kwa tui zito, zikakamuliwa ndimu, hata mume wangu, ambaye hajaacha chochote wala simlazimishi, huongeza wali.

Ugumu mwingine uko kwenye vibanda vya chakula. Ukiuliza kama kisamvu kina nyama utajibiwa kwamba hakina, kumbe kimetiwa dagaa, ambao kwa wapishi wengi si nyama wala samaki, ni kiungo tu. Chapati nazo huweza kuwa za samli.

Lipo jambo moja ambalo tui haliwezi kulitibu. Vitamini B12 haipatikani kwa kutegemewa katika mimea, na kwa kuwa mwili huweza kuwa na akiba yake kwa miaka kadhaa, upungufu huweza kuchelewa kuonekana hadi mtu apate upungufu wa damu au ganzi ya mikono na miguu. Aliyeacha vyote hana budi kutumia vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Wajawazito na wanaonyonyesha wazungumze na mtaalamu wa afya kabla ya kuanza.

Naomba ukurasa wako wa mapishi utupatie mara kwa mara vyakula vya pwani visivyo na kitoweo cha mnyama, na viungo vyote vitajwe, samli na dagaa visifichwe.

Wako msomaji,
Makorora, Tanga