Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Wanachama wenzangu,

Hesabu za fedha mmeshazipata kwa mhazini, na mahudhurio ya vikao anayo katibu, kwa hiyo sitayarudia. Nafasi yangu naitumia kwa jambo moja lililotugharimu mwaka huu: zile namba za hali ya biashara zinazotoka kila mwanzo wa mwezi, ambazo wengi wetu tulikuwa tunazisikia redioni bila kuzielewa.

Naisema fahirisi ya mameneja ununuzi, PMI, inayotolewa kwa jina la Stanbic Bank na kukokotolewa na S&P Global. Kampuni zipatazo 400 za sekta binafsi hapa Kenya huulizwa kila mwezi kuhusu oda mpya, uzalishaji, wafanyakazi, muda wa kuletewa bidhaa na akiba ya bidhaa zilizonunuliwa. Swali ni lilelile: ukilinganisha na mwezi uliopita, imepanda, imeshuka, au iko palepale? Anayesema imepanda huhesabiwa mzima, wa palepale nusu, wa imeshuka sifuri. Chukueni maduka kumi. Matatu yamepanda, matano yako palepale, mawili yameshuka. Hapo ni asilimia 30 za waliopanda, na nusu ya asilimia 50 za palepale, yaani 25, jumla 55. Ikivuka 50, waliopanda wamewazidi walioshuka. Majibu ya maswali yote matano hujumlishwa kwa uzito tofauti, oda mpya zikibeba asilimia 30.

Sasa tazameni yaliyotupata. Julai, mwezi uliofuata ghasia za kupinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza ushuru, fahirisi ilianguka hadi 43.1. Agosti ikapanda kufika 50.6. Mwenye nyumba mmoja akawaita wapangaji wake, watatu wakiwa wanachama wetu, akawaambia biashara imerudi, magazeti yamesema, kwa hiyo kodi inapanda. Wakakosa la kujibu. Lakini Agosti ilipimwa kwa Julai, na Julai tulikuwa shimoni. Aliyeuza viti kumi Mei, viwili Julai na vitatu Agosti, atajibu kwa haki kabisa kwamba amepanda. Je, amerudi alipokuwa Mei? Kamati ilimwendea mzee yule na karatasi yenye mfano huohuo wa viti. Alitusikiliza, akakubali kuahirisha nyongeza hadi mwaka mpya. Nawashukuru sana wanakamati waliofunga maduka yao asubuhi ile ili twende pamoja.

Kuna kipengele kingine kinachowapotosha hata wasomi. Bidhaa zikichelewa kufika, fahirisi hupanda, kwa sababu kwa kawaida msambazaji huchelewa anapolemewa na oda. Wakati wa Korona bidhaa zilichelewa kwa sababu ya vizuizi tu, wala si kwa wingi wa wanunuzi, na ucheleweshaji ule ukazibeba fahirisi za nchi nyingi juu kuliko hali halisi. Ndiyo maana nawasihi msiishie kwenye namba kubwa ya juu. Someni aya za chini, kwenye oda na ajira.

Wapo miongoni mwetu wanaoletewa madodoso, yaani karatasi za maswali, kama haya. Nami huletewa moja, na lazima niseme niliyoyaona kwangu. Mwezi Julai nilimkuta kijana wangu wa ofisini akiweka alama ya "palepale" toka juu hadi chini. Nilipomuuliza, akasema, "Mzee, tukiandika tumeshuka si tutaonekana tumeshindwa?" Nikafungua daftari la oda. Ukurasa wa Mei ulikuwa umejaa hadi mstari wa mwisho. Wa Julai ulikuwa na mistari minne, na mmoja umekatwa kwa kalamu nyekundu: hoteli iliyoagiza meza imeomba tusubiri. Tulijaza upya, tukilifuata daftari.

Wenzangu, majibu ya kampuni moja moja hayatangazwi, kwa hiyo hakuna wa kukuonea aibu. Na majibu haya ni muhimu kwa sababu yanawahi. Takwimu za pato la taifa za robo mwaka hutufikia karibu miezi mitatu baada ya robo kwisha, ilhali hii ya Julai ilitoka Agosti mwanzoni. Benki Kuu nayo huwauliza wakuu wa kampuni kabla ya kikao chake cha riba. Mwaka huu riba hiyo ya Benki Kuu ilishuka kutoka asilimia 13 hadi 11.25, lakini wengi wetu bado hatujauona unafuu huo kwenye mikopo. Tukijibu ovyo, tutakuwa tumejinyamazisha wenyewe.

Kamati inapendekeza tuwe na dodoso letu, maswali matano, kwa ujumbe wa simu. Litatumwa tarehe 15 ya kila mwezi na kufungwa tarehe 25. Katibu atajumlisha majibu bila majina, na matokeo yatasomwa kwenye kikao kinachofuata. Naomba pendekezo hili lipigiwe kura leo, kabla ya uchaguzi wa viongozi, na kila atakayeliunga mkono aje na daftari lake.

Mwenyekiti