Yule ndege wa waridi si heroe

Mhariri,

Picha iliyopamba ukurasa wenu wa safari Jumapili iliyopita ni nzuri, ila ndege mliyemwita heroe wa Florida ni domomwiko. Utazameni mdomo wake: umenyooka, ni bapa, na nchani umepanuka. Heroe ana mdomo mnene uliopinda katikati kuelekea chini. Rangi ya waridi wote wawili huipata kwenye chakula, kwa kula kamba na vijidudu vya majini, kwa hiyo rangi peke yake si ushahidi. Siwalaumu sana. Heroe nao huonekana huku mara mojamoja, na baada ya Kimbunga Idalia, Agosti 2023, walitapakaa Florida na majimbo mengine ya Marekani, hata watu wasiojali ndege wakatoka kwenda kuwatazama. Lakini ukiona waridi kwenye tope la huku, kisia domomwiko kwanza.

Kilichonifanya niandike hasa ni ushauri uliofuata picha: amka alfajiri, beba lenzi ndefu. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Alfajiri ndipo ninapotoka kazini, kwa hiyo kama siri ingekuwa alfajiri, ningewaona ndege kuliko wasomaji wenu wote. Mara nyingi saa hizo nakuta maji yamepanda hadi kwenye mizizi ya mikoko na hakuna hata unyoya. Ndege hawa hula kwa kutembea, wala hawapigi mbizi. Mahali ambapo mguu haufiki chini, kwao hapana chakula. Ndiyo maana naangalia jedwali la kupwa na kujaa kabla sijaangalia saa. Maji yakishaanza kupwa na ukingo wa tope ukajitokeza, wanashuka, iwe saa moja asubuhi au saa nane mchana. Upande wa Ghuba ya Meksiko kuna vituko vyake: siku nyingine maji hupwa sawasawa mara moja tu, na wakati wa baridi upepo wa kaskazini huyasukuma nje ya hori, jedwali likabaki kusema lake.

Ukishafika, iache lenzi begani kwanza uangalie nani anakula vipi. Domomwiko hupeleka mdomo kushoto na kulia ndani ya maji, akipapasa. Kwarara mweupe hudunga tope kwa mdomo wake mwekundu uliopinda. Korongo wa huku, mweupe mwenye kichwa kipara, huzamisha mdomo ukiwa wazi kidogo, akasubiri samaki amguse. Akiguswa, mdomo hufunga kwa milisekunde 25, haraka kuliko unavyopepesa jicho. Hao watatu hawahitaji kuona, kwa hiyo maji machafu hayawasumbui. Yangeyange ni wa macho. Yule mkubwa, mwenye mdomo wa njano na miguu myeusi, husimama tuli mpaka umchoke. Mdogo, mwenye mdomo mweusi na nyayo za njano, hutikisa mguu chini ya maji ili kuwafumua samaki. Ninayempenda zaidi ana shingo ya rangi ya kutu: hukimbia, huyumba, hugeuka ghafla, kisha hufunua mabawa juu ya maji. Wageni hudhani ni mgonjwa.

Pia si kila mweupe ni yangeyange. Kulasitara mdogo wa buluu huwa mweupe kabisa mwaka wake wa kwanza, na hupenda kuandamana na yangeyange wadogo. Miguu yake ya kijanikijani ndiyo inayomtofautisha.

Mbali kidogo na bahari, kwenye vinamasi vya Everglades, maji hayaendi kwa kupwa na kujaa bali kwa mvua. Kiangazi cha huko ni kama Novemba hadi Mei, na maji yakipungua polepole samaki hubanana kwenye mashimo machache. Korongo hupanga kuzaa kwa kuufuata upungufu huo, kwa sababu jozi moja na makinda yake huhitaji karibu kilo 200 za samaki kwa msimu. Mvua kubwa ikinyesha katikati, au watu wakifungulia maji ya mifereji wakati usiofaa, samaki hutawanyika, na korongo huweza kuviacha viota vikiwa na makinda ndani. Mwandishi wenu aliandika kwamba maji mengi ni neema kwa ndege. Kwa korongo mwenye makinda Machi, ni njaa.

Kuhusu viota sitakuwa mpole. Makala yenu ilisifu picha zilizopigwa kwa kuingia na mtumbwi hadi chini ya mti wenye viota. Ndege wazima wakiruka, kunguru hushuka kula mayai, na makinda yasiyo na manyoya hubaki juani. Pwani hii imeshaonja hayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 wawindaji waliwaua yangeyange viotani kwa ajili ya kofia za wanawake, kwa kuwa manyoya yale marefu huota msimu wa kuzaa tu. Julai 1905 mlinzi wa wanyamapori Guy Bradley alipigwa risasi akafa karibu na kijiji cha Flamingo alipokwenda kuwakamata watu waliokuwa wakiwapiga ndege. Mpiga picha si mwindaji, najua, ila kinda likishaliwa na kunguru halijui tofauti. Mimi hukaa mita 100 au zaidi, na ndege akiinua shingo na kuacha alichokuwa akifanya, narudi nyuma.

Mkichapisha tena ukurasa huo, wekeni saa za kupwa kwa maji badala ya saa za mawio. Na kwa msomaji aliyeuliza aanzie wapi bila mtumbwi: aende kisiwa cha Sanibel, kwenye hifadhi ya J.N. "Ding" Darling, ambako barabara inapita katikati ya mikoko na matope, na ndege wanaonekana kutoka garini. Asiende Ijumaa, maana siku hiyo barabara hufungwa.

Muuguzi wa zamu ya usiku,
Florida